Kuchagua Mahali pa Hema

Asubuhi yangu ya kwanza kazini, kwenye kampuni ya kambi za watalii, sikupewa nyundo wala kigingi. Foromani, Msudani mrefu ambaye wafanyakazi wote tulimwita Ami, alinishusha kusini mwa Doha, pale lami inapoishia na madereva wanapopunguza upepo wa tairi ili gari lisizame mchangani. Akaniambia, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, "Tembea. Ukijua ungelala wapi, niite."

Mimi ni mtu wa Kangundo, Kenya, kwenye vilima na baridi ya asubuhi, kwa hiyo nilichagua kama watu wa kwetu: bondeni, kati ya matuta mawili ya mchanga, pasipo na upepo. Ami hakubisha. Tulisimika hema pale tukalala humo sisi wawili. Kulipokucha mablanketi yalikuwa yamelowa kama yaliyotoka kufuliwa. Msimu wa baridi, hewa nzito hushuka mabondeni, na umande wa Ghuba hukaa humo mpaka jua lipande.

"Ningekwambia kwa mdomo ungesahau," Ami alisema, akikamua soksi zake.

Ninyi vijana mnaokwenda sasa mtapewa simu yenye ramani. Itumieni, lakini jueni kwamba mahali pa hema huchaguliwa kwa kuondoa. Kwanza unaondoa sabkha, ardhi tambarare ya chumvi ambayo juu imekauka kama sakafu na chini ni tope. Gari likiingia humo siku yenu imekwisha. Unaondoa kilele cha tuta, maana shamali, upepo wa kaskazini-magharibi, hung'oa vigingi huko juu. Unaondoa bonde. Kinachobaki ni mwinuko mdogo unaokingwa na tuta, mbali kiasi na ukuta wa mchanga unaoporomoka. Mlango unaupa upepo kisogo. Jenereta unaliweka upande ambao upepo unaelekea, ili moshi na kelele viende zake.

Baada ya misimu kadhaa nilihamishiwa ofisini mjini, chini ya Meneja wa Wageni, mama wa Kilebanoni tuliyemwita Madam. Kazi yetu ilikuwa kumsaidia mgeni kuchagua: hoteli ya mjini, vyumba vya ufukweni, au hema mchangani.

"Usimuulize mgeni anapenda nini," Madam alinifundisha. "Atakwambia anapenda nyota. Muulize huamka mara ngapi kwenda msalani."

Nilicheka, kumbe hakuwa anatania. Swali lile, likiulizwa kwa adabu, lilitupunguzia malalamiko mengi. Mzee mwenye magoti mabovu tulimpa hema la karibu na choo, na maharusi tukawapa la mwisho kabisa.

Nilirudi jangwani nikiwa naibu wa foromani, kwenye kambi ya Bahari ya Ndani, ambako maji ya Ghuba huingia katikati ya matuta. Hapo ndipo nilipoipenda kazi. Jioni, wageni wakisubiri chakula, nilizunguka hema moja moja nikigusa kamba, na mchanga ulikuwa unabadilika rangi polepole chini ya viatu vyangu.

Mimi mwenyewe, siku zisizo za zamu, nililala Industrial Area, mtaa wa viwanda wa Doha, kwenye chumba cha pamoja cha wafanyakazi.

Ami alipostaafu, Meneja Mkuu aliniita. "Nafasi ya foromani ni yako ukiitaka," alisema. "Ina nyumba ya familia. Lete mkeo. Nijibu kabla msimu haujafungwa."

Mke wangu, Mwikali, hakuwahi kutoka Kenya. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na kukaa pamoja miezi ya likizo tu. Aliposikia habari ile hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Nije kwanza nione." Nilimpatia chumba Muaither, pembeni mwa Doha, kwa familia ya muuguzi wa kwetu, na Meneja Mkuu akaniruhusu nitumie hema moja kabla hatujavunja kambi. Nilitaka akubali. Nilitumia yote niliyojua kuchagua mahali pale: mwinuko mkavu, mlango ukitazama maji, choo karibu, hakuna sauti ya jenereta. Nikatandika zulia mwenyewe.

Mwikali alikaa mlangoni, amenyoosha miguu, jua likishuka.

"Pazuri," alisema. Baadaye kidogo akauliza, "Jirani yuko wapi?"

"Hakuna jirani."

"Nikiishiwa na chumvi?"

"Chumvi imejaa pale chini," nikamwonyesha sabkha.

Alitabasamu, kisha akanigeukia. "Na wewe, Baba Mutua, hulala wapi?"

"Nimekwambia. Industrial Area, na wenzangu."

"Basi nataka nione huko."

Nilimweleza kwamba hapana la kuona. Akasema amepanda ndege kuja kuona.

Kesho yake, tukirudi mjini, nilimpeleka. Kambi ya wanaume haiingizi wanawake, na mlinzi wa getini alitwambia hivyo kwa upole. Tulikuwa tunageuka Wafula alipotokea. Wafula ni Mkenya mwenzangu, dereva wa basi la kampuni, niliyelala naye chumba kimoja tangu nilipofika.

"Shemeji haondoki hivihivi," alisema. Akaleta kiti kutoka duka la jirani, akamkalisha Mwikali kivulini kando ya geti, akaingia ndani na kurudi na chai. "Huyu mzee tumempa kitanda cha karibu na mlango. Ni kwa heshima. Na pia anakoroma."

"Hakoromi," Mwikali alisema.

"Shemeji, muulize yeyote humu."

Mwikali alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akaona vikombe. "Hicho chake hakina maziwa."

"Hanywi maziwa huyu. Yanamsumbua tumbo, miaka yote."

Mwikali alinitazama. Kila likizo alinipikia chai ya maziwa mengi, na kila likizo niliinywa yote. Aliuliza tu dirisha letu ni lipi, Wafula akamwonyesha, naye akalitazama hadi chai yake ikapoa.

Jioni ile, chumbani Muaither, alinijibu.

"Sitakuja kukaa huku," alisema. "Jana ulinichagulia mahali kama unavyomchagulia mgeni, na ulichagua vizuri. Lakini wale watu wa getini wanakujua, na mimi sikujui. Hilo sitalitengeneza nikiwa nimefungiwa kwenye nyumba ya familia, wewe ukiwa mchangani msimu mzima. Sikulazimishi urudi. Ukirudi, tuanze."

Nilimwambia Meneja Mkuu hapana. Alidhani nimepata kazi kwingine.

Nimekuwa Kangundo sasa kwa muda. Sijutii, lakini nisiwadanganye: nalitamani jangwa kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote nikiwa hapa kijana. Upepo mkavu ukivuma mimi husimama nyuma ya nyumba, nikiutafuta unakotoka. Zamani Mwikali angeniuliza kama naumwa. Siku hizi hutoka jikoni akipangusa mikono, akanitazama usoni mara moja.

"Leo uko mchangani," husema.

"Niko hapa."

"Uko mchangani. Hebu niambie kukoje."

Nami humwambia.