Mwanapunda Aliyebaki Bulati

Kabla sijayaona magofu ya Engaruka nilikuwa nimeshayajenga upya kichwani. Niliyajenga nikiosha masufuria Karatu, miaka ile ya themanini ambayo sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi na tulisugulia majivu. Niliyapa milango mirefu, ngazi pana, na dirisha moja la juu ambalo mtu akisimama anaona hadi Loliondo. Elimu yangu ilikomea darasa la saba, lakini kuota hakuhitaji cheti. Bwana mwenye gari aliyeniajiri upishi ndiye aliyenieleza kwamba ukivuka nyanda za juu za Ngorongoro ukashuka Bonde la Ufa, utakuta mji wa watu wa kale waliojenga nyumba na mifereji kwa mawe matupu, halafu wakaondoka. Bibi yangu kule Qurus alisema hao walikuwa watu wetu, Wairaqw. Bibi alisema hivyo kuhusu kila kitu kizuri.

Kwa hiyo nilipoambiwa nimepata safari ya Engaruka, ya kutembea kwa miguu na kulala kwenye hema, niliimba siku nzima mpaka majirani wakaniuliza kama nimepata mchumba.

Mgeni alikuwa mmoja tu, mzee wa Ulaya mwenye magoti mabovu na kofia ya kitambaa. Maisha yake yote alikuwa fundi mwashi. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka ili aje kuona kuta zilizosimama bila saruji. Kiongozi wetu alikuwa Mmaasai wa Nainokanoka, ametoka umorani karibuni, mwenye Kiingereza cha kutosha na maneno mengi. Gari lilitushusha Bulati asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala chini, kisha likageuza kuzunguka kwa njia ya Mto wa Mbu ili likatungoje Engaruka.

Mizigo ingebebwa na punda. Mpango ulikuwa hivi: punda wa Bulati watufikishe ukingo wa kreta ya Empakai, tulale pale, na asubuhi punda wa boma jingine watupokee na kutushusha bondeni. Kwa Wamaasai punda ni mali ya mama, hivyo aliyekuja nao alikuwa mwenyewe, mama mmoja mrefu mwenye kicheko cha ghafla. Nilimwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Yeye aliniita Mmbulu, kama Wamaasai wanavyotuita sisi.

Punda wake walikuwa watatu. Wawili madume, na jike moja kubwa la kijivu lenye sikio lililochanika. Lile jike ndilo lililokuwa kiongozi wa kweli wa safari ile, maana madume hayakupiga hatua mpaka litangulie.

Na lilikuwa na mtoto. Nilimwona kwenye kizizi cha ndama, amefungwa kwa kamba ya ngozi. Alikuwa na majuma machache tu, masikio makubwa kuliko uso. Nikamtia kidole mdomoni, akakinyonya kwa nguvu hata nikacheka.

"Huyu haji na mama yake?" nikauliza.

Yeyo alikuwa anafunga sogi, ile mifuko ya ngozi ya mizigo, mgongoni mwa jike, goti lake likiwa ubavuni mwa punda kuikaza kamba. "Akija, mama yake atarudi nyumbani kutafuta nini?"

Kiongozi akanifafanulia. Ng'ombe akiacha ndama bomani, jioni anarudi mwenyewe, huhitaji kumswaga. Punda ni vilevile. Mtoto akibaki, mama anakwenda na kurudi mbio, hapotezi muda kwenye majani ya watu. Kisha njia ya Empakai ina fisi, na mtoto anachelewesha. Yeyo alifanya hivyo kila alipokwenda safari ya kulala siku moja.

"Kesho mchana atakuwa ananyonya," yeyo akasema. "Wewe Mmbulu, angalia sufuria zako."

Tulitembea siku ile kwenye majani mafupi na upepo wa kukata masikio. Mimi niliimba. Yeyo alinitania kwamba kwa sauti ile simba wote wameshahamia Serengeti, na kwamba chai yangu ni maji yaliyosimuliwa habari za majani ya chai. Mzee alikuwa anasimama kila mara kushika goti, anaangalia mbali, anatabasamu. Nilikuwa na furaha ya mtu asiye na deni.

Alasiri tukafika ukingoni. Ziwa lilikuwa chini kabisa ndani ya kreta, na pembeni ya msitu ndipo lilipokuwa lile boma la punda wa kupokea.

Boma lilikuwa tupu. Ua wa miiba umeangushwa upande mmoja, mavi yamekauka, na nilipotia mkono kwenye majivu ya nyumba ya kwanza yalikuwa ya baridi kama mto. Nyasi zilikuwa zimekwisha, watu wamehama na ng'ombe wao. Habari ya safari yetu walipelekewa kwa mdomo wakati mvua bado ina matumaini, wakakubali. Mvua ikakata, wakafuata majani. Hakuna aliyekosea pale. Hata leo nikitafuta wa kumlaumu simpati.

Kiongozi akazunguka lile boma kana kwamba punda wamejificha. Kisha akarudi kwa yeyo wakaanza kusemezana Kimaasai, kwanza kwa upole, halafu si kwa upole. Nilielewa nusu. Nusu nyingine ilikuwa usoni mwa yeyo.

"Nimemwambia ashuke na sisi mpaka Engaruka," kiongozi akaniambia. "Gari liko huko. Hatuna namna ya kumwambia dereva aje huku. Chini hakuna maji mpaka mtoni, madumu lazima yabebwe. Mzee huyu unamwona magoti yake. Utambeba wewe?"

"Basi jike lirudi," nikasema, "tuende na madume mawili. Mimi nitabeba sogi."

Yeyo alilielewa lile. Alilifungua jike akalipeleka nyuma ya miti. Madume mawili yakageuka pale pale na mizigo yao, yakalifuata. Kiongozi alivuta kamba, akapiga kwa fimbo, akapiga kelele. Hayakwenda upande mwingine wowote.

"Umeona?" yeyo akaniuliza.

"Basi nirudi Bulati sasa hivi, nikamlete mtoto."

Wote wawili walinitazama. Kiongozi akacheka, lakini hakuwa na furaha. "Mtoto wa punda kwenye njia hii, na jua hili linazama? Fisi watakushukuru, Mmbulu. Watamla yeye, halafu washushie na wewe kama chai."

Yeyo akakaa chini, akanyoosha miguu mbele yake. Akaanza kuongea na mimi taratibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kama mtu anayehesabu njia zilizobaki. Bomani amebaki binti yake mdogo. Binti anampenda yule mwanapunda. Akiona mama hakurudi, atataka kumpa maziwa ya ng'ombe. Lakini ng'ombe wamekauka, maziwa ni kidogo, ni ya ndama na ya watoto. Mume wake hawezi kutoa maziwa ya ng'ombe kwa mtoto wa punda; watu watamcheka mpaka azeeke. Ikibidi, binti aibe.

"Ataiba?" nikauliza.

"Nimemfundisha asiibe," akasema.

Asubuhi tulishuka wote. Yeyo mwenyewe ndiye aliyekaza kamba. Nilimsikia akimwambia kiongozi kwamba mzee wa watu akifa kwa kiu kwenye njia ile, hakuna atakayelala vizuri, na punda ni punda. Alisema hivyo lakini aliendelea kulishika lile sikio lililochanika.

Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda. Tuliacha ukungu juu, tukaingia kwenye vumbi la kijivu linaloingia hadi kwenye meno, na Oldonyo Lengai umesimama upande wetu wa kushoto. Jike lilisimama mara kwa mara, likageuza kichwa tulikotoka, likalia. Kila punda hulia, nilikulia kwenye kilio hicho. Hiki kilianza kwa nguvu, kikakatika katikati, kana kwamba anasikiliza jibu.

Mzee akauliza kwa nini analia sana. Kiongozi akamjibu kwa Kiingereza kwamba anaimba, anafurahia safari. Mzee akacheka, akalipiga picha.

"Kwa nini humwambii?" nikamnong'oneza.

"Nimwambie halafu afanye nini? Arudi? Aanze kulia yeye pia? Ameota safari hii miaka yote. Wewe si unajua kuota?"

Jioni, mzee alipokuja kuota moto jikoni kwangu, nilikusanya Kiingereza changu chote cha darasa la saba. Nikamwonyesha punda, nikasema ana mtoto, mtoto yuko nyumbani. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, akatoa picha mfukoni. Ilikuwa picha ya mjukuu wake, amekaa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Aliniachia niishike muda mrefu. Nikasema mtoto mzuri sana. Nilifika hapo, maneno yakaisha.

Kiwele cha jike kilikuwa kimejaa hadi kinang'aa. Yeyo aliniambia nilishike kichwa, akachuchumaa akalikamua. Alisema lisipokamuliwa litaumwa, na maziwa yatakata kabisa. Hakukuwa na wa kuyanywa. Yakaanguka chini, meupe, yakatengeneza shimo dogo kwenye vumbi, na vumbi likayanywa yote. Jike lilikuwa limeweka paji lake kifuani kwangu. Nilijaribu kuimba kidogo, ili tu litulie. Nilianza mstari mmoja, nikauacha.

"Leo umenyamaza, Mmbulu," yeyo akasema bila kunitazama. "Simba watarudi."

Engaruka tulifika kesho yake, jua likiwa kichwani. Nilitafuta ile milango yangu mirefu. Kulikuwa na kuta za mawe, nyingi zikinifikia magotini, miduara ya misingi ya nyumba, na mifereji iliyojaa miiba, na mbuzi wawili wamesimama juu ya ukuta. Ilikuwa hivyo tu, na ilienea mpaka macho yakachoka. Matuta yake yalipangwa ngazi ngazi kama mashamba ya kwetu kilimani, na kwa mara ya kwanza nilifikiri huenda bibi alisema kweli. Siku nyingine ningekaa pale mpaka giza. Siku ile niliona mawe.

Mzee alipiga magoti yale mabovu mbele ya ukuta. Aliingiza vidole kwenye maungio, akatafuta udongo, akakosa, akaanza kutokwa machozi. Hakuyafuta. Kiongozi alisimama kando amevua kofia. Nilimpenda yule mzee, na nilitamani aharakishe, na mambo hayo mawili yalikuwa kifuani mwangu kwa pamoja.

Gari lilikuwepo chini ya mgunga mmoja. Yeyo hakungoja. Alishusha sogi, akawanywesha punda mtoni, akaanza kuwageuza.

"Pumzika kwanza, yeyo. Nakupikia ugali, dakika chache tu."

"Ule wewe."

"Basi niende na wewe."

Kiongozi akanionyesha mzee kwa kidevu. Mzee angekula nini? Nikaingia kwenye sanduku langu la vyakula, nikatoa kopo la maziwa ya unga, la mwisho, nikamfungia yeyo kwenye kona ya shuka lake. Alilitikisa, akasikiliza unga ukicheza ndani, akacheka kile kicheko chake cha ghafla. Kisha akaondoka. Safari hii jike halikuhitaji fimbo. Lilipanda mlima karibu linakimbia, madume nyuma, na yeyo nyuma yao amekunja shuka, na mimi nikamenya vitunguu vya chakula cha mchana nikiwaangalia mpaka joto likawachukua.

Nilipita tena nyanda za juu baada ya mvua. Nilimkuta yeyo kwenye duka la Nainokanoka, amekuja kuchukua unga, jike liko nje limesimama peke yake kwenye tope.

"Mmbulu! Bado wanakulipa kwa ile chai?"

Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha. Hakuningoja niulize.

Binti aliiba. Aliiba kila asubuhi kwenye kibuyu, akachapwa, akaiba tena. Yeyo alipofika Bulati alimkuta mwanapunda amesimama kwa miguu yake minne, mwembamba lakini hai. Alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja tumboni kwa mama yake.

"Akanyonya," nikasema.

"Alinyonya hakuna kitu. Ule mlima hauna maji. Maziwa yalikatika njiani." Alipangusa unga mkononi. "Alivuta, alivuta. Jike lilisimama tu, halikumpiga teke. Nikakoroga ule unga wako wa maziwa, akakataa. Sasa amemwona mama yake, anataka kopo la nini? Akanyonya pale penye ukavu mpaka alipolala chini, hakuinuka tena."

Nilisema pole. Ndilo neno nililokuwa nalo, nikalisema mara mbili. Akanipa kamba ya jike niishike, akaingia ndani kumalizana na mwenye duka. Nilibaki nje kwenye tope. Jike lilisogea, likasimama karibu yangu kama tunavyosimama kumngoja mtu, na sote wawili tukaangalia mlangoni.