Njia Ilifichika, Ukoo Ukatajwa

Jirani yetu wa Izigo, mjane, alitaka kuuliza kwenye jukwaa la mtandaoni kama shemeji zake wanaweza kumnyang'anya kibanja, shamba la migomba ambamo mumewe amezikwa. Aliogopa kwamba wakijua anatafuta msaada watamfukuza mapema. Nikamfundisha kutumia mtandao unaoficha njia.

"Ujumbe wako unapitishwa na kompyuta za watu wanaojitolea," nilimweleza. "Hakuna hata moja inayojua safari yote. Ya kwangu pale Miembeni nayo hupitisha jumbe za wengine."

"Kwa hiyo hata wewe hutaniona?"

"Hata mimi, mama. Andika bila woga."

Akaandika. Lakini kwetu Wahaya mtu mzima hasemi shauri lake kabla ya kujitambulisha. Alianza kwa heshima zote: ukoo alikozaliwa, ukoo alikoolewa, hata nyama ambayo ni mwiko kwa ukoo wa mumewe. Jina tu ndilo aliloacha.

Nilipofungua jukwaa, shemeji yake mdogo alikwisha kujibu: "Shikamoo, shemeji. Siku hizi ya nyumbani unayapeleka sokoni?"

Nilimwelekeza namna ya kufuta, taratibu, naye akafuta vizuri kabisa. Wiki hiyohiyo shemeji zake walipanda milamula, miti ya kuweka mpaka, katikati ya migomba yake.