Siku Mama Aliponiambia Nitazame Ukuta

Harufu ya dawa ya kung'arishia sakafu, ile ya kumbi za michezo za shule, hunirudisha Iroquois, mtaa wa kusini mwa jiji la Louisville, ugenini, nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Katika ukumbi wa namna hiyo wazazi wangu walipiga kura ya karatasi kwa mara ya kwanza maishani, kumchagua mwakilishi wa bunge la jimbo. Mimi nilikwenda kama mkalimani. Barua za shule, za daktari, za umeme, zote zilipitia mikononi mwangu, na msinicheke nikisema nilijiona ndiye mwenye nyumba.

Kambini Tanzania, walikokulia wazazi wangu baada ya kukimbia Burundi, viongozi walichaguliwa kwa mstari. Mgombea alisimama, na aliyemtaka alikwenda kusimama nyuma yake. Kura yako ilikuwa mwili wako mwenyewe, juani, mbele ya wakwe. Mwaka mmoja kaka yake baba aligombea, na mama akaenda kusimama nyuma ya mwanamke mmoja aliyewafundisha watoto kusoma. Shemeji akashindwa. Nilisimuliwa kwamba bibi mzaa baba hakugusa ugali wa mama msimu mzima, na kwamba baba hakumtetea.

Safari hii baba alikuwa na mtu wake. Mgombea huyo alikuja kanisani kwetu, akala wali na maharage kwa mkono kama sisi, na baba akawahakikishia wazee wa kanisa kwamba nyumba yetu yote iko upande wake. Mama alikuwa akiosha sahani. Wiki hiyo alinisomesha karatasi ya kura ya mfano mara tatu, majina yote, bila kuonyesha analipenda lipi.

Ukumbini tulikuta mistari miwili, iliyogawanywa kwa herufi za majina ya ukoo. Baba akanyoosha tai.

"Wa kwetu ni upi?" aliniuliza.

Kabla sijasoma kibao, alikwisha kusimama kwenye ule mrefu, akiwapa watu mkono kama ndugu wa chama kimoja. "Tunashinda," akamwambia mama. Nilipomweleza kwamba ni herufi tu, alihamia mstari mfupi shingo upande, akimpungia mzee mmoja aliyekwisha kuwa rafiki yake.

Nikaingia na mama kwenye kibanda. Nilimfasiria maelekezo: kalamu nyeusi, jaza kiduara chote, usivuke ukingo. Nilianza kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa tabia yangu, naye akasubiri mpaka nikarudia kwa Kiswahili. Kisha akasema, "Sasa geuka. Tazama ukuta."

"Lakini mama, mimi ndiye ninayekusomea."

"Umeshasoma, mwanangu. Asante. Geuka."

Nikageuka. Ukuta ulikuwa wa matofali yaliyopakwa rangi ya maziwa. Nyuma yangu kalamu ilisugua karatasi polepole. Niliumia sana. Siri zote za nyumba yetu nilizisoma mimi, hata za hospitali, na leo nafukuzwa kwenye kiduara kimoja.

Garini baba hakuwasha injini. Alinitazama kwenye kioo.

"Mama yako amemchagua nani?"

Mama alikuwa ameshikanisha vidole mapajani. Hakugeuka kuniangalia.

"Sijui, baba. Aliniambia nitazame ukuta."

Baba alinijua: nikidanganya, nacheka. Alisubiri kicheko, hakikuja. Akamgeukia mama.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," mama akasema, kwa upole.

Baba akaguna na kuwasha gari. Jioni ile alikula chakula chake chote, akamsifu mpishi.

Mimi nilinuna siku tatu. Niliamini kwamba mama hakuniamini, na kinyongo hicho nilikaa nacho miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ilibidi nipate mtoto wangu, na nimsikie akiulizwa mambo ya watu wazima, ndipo nielewe. Mama hakuogopa kwamba ningesema. Alijua kwamba ningeulizwa. Ningeliona jina lile, ningelazimika kumdanganya baba au kumsaliti mama, pale pale kwenye kiti cha nyuma, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Alinigeuza nitazame ukuta ili nibaki mtoto wa wote wawili.