Kanga za Mama Kwenye Falaji

Mtu akiniuliza habari za mji wetu, mji mdogo ulioegemea mlima, juu kidogo ya Tanuf, humwambia afuate maji. Mengine yote ni majabali.

Maji hutoka chini ya mlima na kuingia kwenye falaji, mfereji wa mawe ambao hakuna anayejua nani aliuchimba. Kwanza hupita pa kutekea maji ya kunywa, halafu msikitini, halafu pa kuogea wanaume, pa kuogea wanawake, na kijumba kimoja cha mawe chenye mlango mfupi. Baada ya hapo ndipo yanapokwenda kwenye mitende na mikomamanga, kwa zamu, na zamu hurithiwa kama nyumba. Huo ulikuwa uchumi wa wazee. Miaka ya tisini watu walikula mishahara. Wanaume walikuwa Maskati, wakirudi Jumatano jioni, mapumziko ya wiki yakianza Alhamisi, na mikate ya dukani, na tende zikidondoka bila mwenyewe.

Historia nayo si ndefu. Mvua ilikata, watu wakahama, babu yangu akenda Unguja. Mama alirudi miaka hiyo ya tisini, mtu mzima, na mimi bintiye, hana Kiarabu ila cha kusalia. Alirithi nyumba na zamu ya maji. Unguja hakuachiwa kitu. Mji huu nao ukimkataa, hana pengine. Wanawake wa mtaa walimwita Mzinjibari usoni pake, wakampa kahawa, basi.

Mama alikuwa na jicho la pahala pazuri. Kile kijumba alikiona mapema: kivuli, maji yanapita ndani, jiwe pana limelala kama meza, wala hakuna foleni. Akasema watu wa huku hawajui raha. Ikawa kila asubuhi anakwenda na karai lake, anafua kanga zake juu ya lile jiwe na kuimba. Wanawake walipita, wakamtazama, wakaenda zao. Yeye alidhani wanamstahi.

Siku moja tuko humo, mama ana povu hadi viwikoni, jirani yetu akainama mlangoni. Alikuwa bibi mkali, mfuga mbuzi, ukuta wake na wetu mmoja. Mkononi alikuwa na majani ya mkunazi yaliyotwangwa. Nyuma yake wanawake walibeba jeneza. Akaonyesha kanga, akaonyesha jiwe, kisha jeneza. Hapakuhitaji mkalimani.

"Muulize," mama akanambia, "tangu nije mnaniona hapa. Hakuna hata mmoja wa kunambia?"

Nikauliza kwa Kiarabu changu cha skuli. Bibi akajibu bila kucheka: "Tulidhani nyinyi wa Unguja hamuogopi mauti."

Nilikasirika, na hasira ile ninayo mpaka leo. Mama hakukasirika. Alikusanya kanga zake, akalisuuza jiwe mara kadhaa, kisha, badala ya kuondoka, akachota maji kwa lile karai na kuwamiminia mpaka walipomaliza kumuosha maiti wao. Toka hapo akifa mwanamke mtaani, mama alikwenda kumimina. Jina la Mzinjibari halikubadilika.

Miaka ikapita. Barabara ikatiwa lami, mabomba yakafika, falaji ikabakiwa na mitende na watalii. Maiti wakawa wanaoshwa Nizwa, hospitali, kwenye chumba cha marumaru. Huko ndiko alikofia yule bibi, na binti zake walitaka aoshwe huko huko.

Lakini alikuwa ameacha wasia, na binti yake mkubwa alikuja kutusomea mlangoni, kwa kichwa, macho chini. Nilimfasiria mama, ingawa kwa wakati ule alishafahamu kila neno:

"Nirudisheni kwenye falaji. Anioshe Mzinjibari. Nyinyi mna haraka. Yeye pale ni kwake."

Mama alilia njia nzima ya kushuka. Karai alilochukua lilikuwa lile lile la kanga.