Mwinyijuma na Magunia ya Mama Mkwe

Mwinyijuma Pazi alichoma mkaa kwa miaka kumi na tisa kabla kijiji chake hakijamchagua kulinda msitu. Mwenyekiti alisimama mkutanoni, pale kata ya Marui, Kisarawe, akauliza ni nani anayeujua msitu mti kwa mti. Wanaume wote wakamgeukia Mwinyijuma, naye akatazama viatu vyake.

Mkutano ulikuwa umeitishwa na Atupele, afisa misitu, dada wa Mbeya aliyekuja na pikipiki ya serikali na karatasi nyingi. Alieleza kwamba miti huvuta hewa ukaa na kuihifadhi, na kwamba yapo makampuni ya mbali, yanayotoa moshi huko kwao, yaliyo tayari kukilipa kijiji kikiacha msitu usimame.

"Yaani tunauza hewa?" akauliza mzee mmoja.

"Tunauza kutokata, babu."

"Mimi sijakata tangu nivunjike mguu," mzee akasema. "Nianze kulipwa lini?"

Basi Mwinyijuma akapewa fulana ya kijani, filimbi, na utepe wa kupimia miti. Wiki za kwanza aliona haya hata kuukumbatia mti wenye afya, maana mingi alikuwa ameshaipigia hesabu ya magunia. Kisha kazi ikamwingia. Akawa anarudi nyumbani na habari za miti ya mininga kama mtu anayetoka kuwasalimia wagonjwa.

"Ule wa bondeni umenenepa sentimita moja na nusu," alimwambia mkewe, Faudhia.

"Miaka kumi na minne ya ndoa," Faudhia akajibu, "hujawahi kuona mimi nimenenepa wala nimekonda."

Sasa, mama yake Faudhia, Bi Biubwa, alikuwa akikaa Sofu, Kibaha. Alipiga chapa kwenye ofisi ya serikali kwa miaka ishirini na sita, akastaafu, akafungua genge la mkaa mbele ya nyumba. Sofu ilikuwa ikijaa. Kila mwezi nyumba mpya inaezekwa, wapangaji wanahamia na majiko yao, na adhuhuri haijafika mkaa wa Bi Biubwa umekwisha. Mkaa wenyewe ulitoka Kisarawe. Upande gani wa Kisarawe, mkwewe hakuwahi kuuliza, kwa adabu.

Asubuhi moja Mwinyijuma alikuwa kwenye kizuizi cha kijiji, filimbi mdomoni, bodaboda ikatokea na magunia matatu ya lumbesa, yaliyojazwa kupita mdomo, yamefungwa mpaka dereva haonekani. Alikuwa Badru, kijana wa pale pale.

"Kibali?"

"Mwenye mzigo yupo nyuma, bro."

Nyuma ikaja bodaboda ya pili, na juu yake Bi Biubwa, amekaa upande, mwavuli umefunguliwa. Kwa Mzaramo aliyelelewa vizuri, mwanamume hasimami ametanua kifua mbele ya mama mkwe, seuze na filimbi mdomoni. Mwinyijuma akashtuka, akashusha pumzi, na filimbi ikalia yenyewe.

"Unanipigia filimbi, mkwe wangu?"

Akaitoa haraka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Akageukia mkorosho uliokuwa kando ya njia, maana usoni asingeweza kumtazama. "Mama, haya magunia…"

"Ya mkaa."

"Yana kibali?"

"Hayana."

Mwinyijuma akaendelea kuueleza mkorosho taratibu za kijiji, kipengele kwa kipengele, jasho linamtoka. Badru akainama na kunong'ona, "Bro, unaongea na nani?"

Katikati ya maelezo hayo likaja lori, magunia yamepangwa juu kupita paa la duka. Dereva hakuzima injini. Alinyoosha mkono dirishani na karatasi iliyowekwa ndani ya plastiki, mlinzi mwenzake na Mwinyijuma, aliyekuwa upande wa pili wa njia, akauona mhuri, akaanza kuinua mti wa kizuizi.

"Ngojeni," akasema Bi Biubwa. "Matatu yangu yanakamatwa, na hilo jumba linapita?"

"Hilo lina kibali, mama," akasema yule mlinzi.

"Umekisoma?"

"Nimeona mhuri."

"Mihuri nimeigonga mimi, tena mpaka kidole kikapinda. Lete hiyo karatasi."

Akavaa miwani. Akasoma kimoyomoyo, midomo ikichezacheza, kisha akasoma kwa sauti: "Kimetolewa tarehe thelathini na moja, Juni." Akatazama juu ya miwani. "Mkwe wangu, Juni ina siku ngapi?"

Mwinyijuma akaanza kuhesabu kwa vifundo vya ngumi. Badru akawahi: "Thelathini."

"Mwaka mrefu huu, mama," dereva akasema.

Hapo hata mkorosho ungecheka. Vizuizi vitatu vilikuwa vimeipitisha karatasi ile. Dereva akazima injini, akasema anakwenda kujisaidia vichakani, na mpaka leo hajamaliza.

Atupele alikuja mchana na watu wa wilaya, lori likachukuliwa. Yakabaki magunia matatu na bodaboda ya Badru, na kila mtu akimtazama Mwinyijuma. Yeye angependa sana ardhi ipasuke.

"Andika jina langu," Bi Biubwa akamwambia, "kwa herufi kubwa. Sitaki isemwe nimepita kwa ajili ya binti yangu."

Akaandika. Jina la Biubwa likatoka na B tatu.

Nyumbani Faudhia alimwekea chakula mlangoni siku mbili. Siku ya tatu alisema, "Umemkamata mama yangu."

"Nilimkamata, ndiyo. Lakini alinisaidia."

Hilo halikutosha. Ikabidi aende Sofu na mjomba wake kuomba radhi, kwa desturi, na jogoo mkubwa chini ya kwapa. Mjomba akasema yaliyopasa kusemwa, Mwinyijuma akakaa mkekani akitazama kucha zake. Bi Biubwa akampokea jogoo, akampima kwa mkono.

"Nimewasamehe," akasema. "Sasa mniambie, jogoo huyu nitampikia nini? Mkaa wangu mmeuchukua."

Mjomba akakohoa. Mwinyijuma akatoka mbio hadi madukani Kwa Mathias, akarudi na mtungi mdogo wa gesi na jiko lake. Jogoo wa Marui alikuwa ametembea sana maishani. Alichemka mpaka alasiri, mtungi ukaisha yeye bado anapambana, wakamla hivyo hivyo, kila mtu akivuta upande wake.

Hata hivyo Bi Biubwa hakuurudisha mtungi. Baada ya miezi miwili genge lilikuwa na mitungi upande mmoja na mkaa wenye kibali upande wa pili. Wateja, alisema, ni watu wa ajabu: gesi kwa chai, mkaa kwa maharage, na wote wanakuambia wameacha mkaa. Wilaya nayo ikamwomba awafundishe walinzi wa vizuizi kusoma vibali. Akafundisha kwa ukali, na mtihani ukawepo. Mwinyijuma alipata sabini.

Vipimo vya mwaka vilipotoka, msitu wa kijiji ulikuwa umenenepa. Atupele alifurahi, kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya mto, kijiji cha jirani, ambako moshi ulikuwa unapanda sehemu tatu.

"Malori hayajaacha," akasema. "Yamehama. Na anga ni moja, Mwinyi."

Jumamosi Mwinyijuma akavuka mto peke yake, bila fulana. Akalikuta tanuru la kwanza linatoa moshi mweupe mzito, akajua toka mbali kwamba magogo ni mabichi na udongo haukushindiliwa. Mwenye tanuru, jamaa anayeitwa Hussen, alisimama na jembe, hajui kama agombane au akimbie. Mwinyijuma alilizunguka lile tanuru mara mbili, uchungu ukimshika, wa msitu na wa kazi mbovu, asijue upi unauma zaidi.

"Nusu ya mti wako inapotelea hewani, ndugu yangu," akasema, akakaa juu ya gogo. "Tuanze na hilo, habari ya msitu itafuata."