Anatafutwa Asiyejua Kifaransa

Mtu akibadilisha lugha mimi ninapoingia, nageuka na kutoka. Siulizi, sisubiri. Watu wa nyumbani wananicheka: "Mama, banasema tu habari ya mpira!" Waseme. Mpira hauhitaji kunong'onezwa. Mimi nimewahi kulipia kutoelewa kwangu, na sitaki kulipia tena.

Wakati wa vita nilitoka kwetu Lweba, kando ya ziwa, nikaja mjini Baraka kutafuta kazi. Baba wa mtoto alikuwa amevuka ziwa kwenda Kigoma, akapotelea huko bila hata salamu. Mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea, nilimwacha kwa mama yangu. Nilijiambia ni kwa muda mfupi tu. Nilipanga chumba kimoja na mwanamke aliyenizidi umri, ambaye nilimwita yaya, kama dada mkubwa, na kilikuwa chumba ambacho mmoja akigeuka usingizini lazima na mwingine ageuke. Hakukuwa na pa kumweka mtoto, sembuse mama.

Kila mlango niliobisha waliniuliza swali moja: unajua Kifaransa? Masomo niliyaacha darasa la pili, kabla mwalimu hajafika kwenye Kifaransa. Najua Kibembe cha kwetu na Kiswahili cha sokoni. Kwenye zahanati walitaka mtu wa kufagia, na bado wakauliza.

"Kwani fagio iko inasema Kifaransa?" nikawajibu.

Walinifungia mlango. Mdomo wangu haujawahi kunisaidia.

Yaya yeye alikuwa na Kifaransa kidogo, cha kusalimia na kushukuru, na alikisema akiinua mabega. Ilikuwa aibu ya kila siku kumsikia akifanya mazoezi asubuhi anapochana nywele. Siku moja tukasikia kwamba patron mmoja, tajiri kutoka Bukavu, mwenye boti na biashara ya chumvi na mawese, anatafuta mwanamke wa kumpikia. Tukaenda pamoja. Wanawake walijaa pale kwenye lango, kila mmoja amejifunga kikwembe chake kizuri cha kitenge. Patron akatoka, akatusalimia kwa Kifaransa. Wenye kujua walimjibu kwa sauti moja kama kwaya, na yaya akiwa mbele yao, mabega juu. Sisi wengine tulitazama miguu yetu. Nilishaanza kufikiria njia ya kurudi.

"Aksanti sana," patron akasema kwa Kiswahili. "Benye banajibu, barudie kwabo. Benye bananyamaza, babakie."

Eeh! Yaya aligeuka akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempiga kofi. Kati yetu tuliobaki akanichagua mimi. Jioni yaya alikataa kula na mimi, halafu njaa ikamshinda, akala, akafuta vidole.

"Mudogo yangu, fungua macho," akaniambia. "Muntu mwenye anatafuta boyi wa jikoni mwenye hasikie kitu, iko na mambo ya kuficha."

"Afiche. Mi nitapika."

"Utaona."

Sikujali anachoficha. Kuna kitu nilichokuwa nakitaka, na patron alikuwa nacho. Boti yake ilivuka hadi Kigoma. Siku ya kwanza nilimwambia mshahara anipe anachoona, lakini nataka fasi mbili kwenye boti, ya mama na ya mtoto walioko Lweba. Vita vilikuwa vinapanda na kushuka kando ya ziwa, leo huku kesho kule, na nilijua zamu ya Lweba itafika.

"Kwanza nikuone kazi yako," akasema. "Nikikuamini, utapata."

Basi nikapika. Sombe ya majani ya muhogo, samaki wa mikebuka, bugali laini wa kumeza bila kutafuna. Mezani walikuwa wanakaa wawili, patron na mwenzake wa biashara, bwana mmoja wa miwani aliyekula bila kuinua macho. Nikiwa jikoni niliwasikia wakiongea Kiswahili chao cha Bukavu. Nikiingia na bakuli, papo hapo, Kifaransa. Nikitoka, Kiswahili. Mwanzoni nilidhani wanasengenya chumvi yangu. Baadaye nikaanza kuchukia hata hatua zangu mwenyewe, maana mlio wa ndara zangu ndio uliokuwa unawageuza ndimi.

Halafu boti ikavamiwa. Ilikuwa inapita upande wa Ubwari, na wezi walikuwa wanaisubiri mahali penyewe, saa yenyewe. Waliokuwa ndani waliachwa na nguo za mwilini tu. Mtu alikuwa amewaambia wezi, hilo kila mmoja alilijua, na tangu siku hiyo hakuna aliyekula kwa amani katika nyumba ile. Mimi, hadi leo, namshuku yule wa miwani. Alinenepa vita vyote. Lakini wao walinishuku mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naingia na kutoka.

Sasa niambie, ewe msomaji: anayejua lugha anaweza kuonyesha kwamba anajua. Asiyejua ataonyesha nini? Patron alikuwa ananiita kwa Kifaransa nikiwa nimempa mgongo, aone kama nitageuka. Yule wa miwani alisema kitu cha kuchekesha, wakacheka wote wawili, huku wananichungulia mdomo. Nikawa naogopa kukohoa, nisije nikakohoa mahali ambapo mwenye kuelewa angekohoa. Nikazoeza uso wangu kukaa kama wa mtu anayesubiri sufuria ichemke. Nikilala nilikuwa najiuliza kama ninaota kwa sauti, na kwa lugha gani. Hasira niliyokuwa nayo! Maisha yangu yote nimefukuzwa milangoni kwa kutojua Kifaransa, sasa nakaribia kufukuzwa kwa kukijua.

"Toka pale," yaya aliniambia.

"Nikitoka, mama na mutoto bataenda na boti gani?"

Akageukia ukutani alale, na mimi ikabidi nigeuke.

Asubuhi moja fonie ya patron ilianza kukoroma mapema, ile redio yao ya kuzungumzia na watu wa mbali. Sauti zilikuwa za haraka. Nikaona mafuta yanateremshwa ufukweni, injini inafungwa kwenye boti. Patron akapita jikoni akaniambia nitengeneze chakula cha njiani cha mwendesha boti, upesi. Sikuuliza anaenda wapi. Ila nilishuku. Nilidhani wanakimbia, wanatuacha, na fasi zangu mbili zinaondoka bila mimi. Nikawa navizia kama masanduku yatatolewa. Hakuna sanduku lililotoka. Nikapumua kidogo.

Saa ya chakula nikaingia na bakuli la samaki, nimelishika kwa mikono miwili kwa sababu lilikuwa la moto. Patron hakunitazama. Alitazama sahani yake, akasema maneno ya Kifaransa taratibu, kwa sauti ya chini, neno moja moja. Yule wa miwani akaacha kutafuna. Alikuwa anatazama mikono yangu.

Katikati ya maneno yale nikasikia "Lweba."

Nilitaka kuuliza. Lakini nilikuwa nimeshakaa nao kwa muda wa kutosha kujua hila zao. Nikajiambia: ndiyo hii. Wametafuta jina la kwetu waliweke ndani ya Kifaransa chao, waone kama nitashtuka. Nikiuliza tu "Lweba iko na nini?", watasema huyu anasikia kila kitu. Nikawaza fasi mbili. Nikalishusha bakuli bila kumwaga hata tone.

"Niongeze bugali?" nikauliza.

Patron akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Akampiga mwenzake begani.

"Nilikuambia huyu hasikie kitu," akamwambia, safari hii kwa Kiswahili, mbele yangu. Halafu akanigeukia. "Mama, kazi ni yako. Na ile fasi yako mbili, hesabu uko nayo."

Nilirudi jikoni nikafunga mlango, nikacheza. Ndiyo, nilicheza, peke yangu, na mwiko mkononi. Nikafunga chakula cha njiani, nikaongeza na samaki wa kwangu kwa furaha, nikakishusha mwenyewe ufukweni.

Mwendesha boti alikuwa mtu wa Kalemie, mpole, tuliyezoea kutaniana. Siku ile hakutania. Alipokea chakula akanitazama.

"Mama, we hauende?"

Nikaona huyu naye ametumwa. Jaribio la pili, nje ya nyumba, ambapo ningejisahau.

"Niende wapi? Niko na sahani za kuosha."

Aliendelea kunitazama, kama mtu anayetaka kusema neno lakini anaogopa nyumba iliyo nyuma yangu. Kisha akavuta kamba ya injini. Nikapanda juu kuosha sahani zangu.

Jua lilipoanza kulala, yaya akaja langoni mbio, kikwembe kinamdondoka. "Mudogo! Uko unafanya nini humu? Lweba inaungua tangu asubuhi! Batu bamejaa mu barabara!"

Sikumwelewa, ingawa alisema Kiswahili. Alirudia. Kisha nikakimbia, si barabarani, ufukweni, kwa sababu mlio wa boti ulikuwa umeanza kusikika.

Ilirudi imezama hadi karibu na ukingo. Patron alikuwa na depo yake ya bidhaa kule Lweba, na boti ilikuwa imetumwa kuziokoa. Ilijaa magunia ya chumvi, mapipa ya mawese, cherehani. Na juu ya gunia, amefungwa kwa kikwembe cha mama yangu asianguke, alikaa mtoto wangu, amelowa, hana hata nguvu ya kulia. Niliingia majini na nguo zangu nikamchukua.

"Na mama?"

Mwendesha boti alikuwa anafunga kamba, na hakuacha kuifunga. "Alikuwa anaita jina yako, akanipatia mutoto mu maji. Maji ilikuwa inamufika hapa," akaonyesha kifua. "Fasi ilikuwa imeisha, mama. Boti ingezama."

Nikatazama magunia. Nikatazama cherehani. Alijua ninachotazama.

"Si boti yangu," akasema.

"Alisema nini? Mama yangu, alisema nini?"

"Alisema mingi. Alikuwa ananishika mukono, anasema, anasema." Sasa ndipo akalia. "Lakini ilikuwa Kibembe. Mi sijue Kibembe."

Mama yangu alijua Kiswahili cha kutosha kununua chumvi. Hakikumtosha siku ile. Maneno yake ya mwisho yalipita kwenye masikio ya mtu wa Kalemie yakaanguka ziwani, na hakuna aliyeyaokota. Waliorudi Lweba baadaye hawakumkuta, wala hawakukuta cha kuzika.

Patron alikuwa ameteremka kuangalia bidhaa zake. Nilimwendea nikiwa na mtoto kiunoni, maji yananichuruzika. Sijui nilisema nini, lakini ufuko mzima ulinisikia. Alirudi nyuma hatua kidogo.

"Mama, tulia. Si tulikuambia? Mezani, saa ya chakula. Ni we hukuuliza."

Tulikuambia! Aliniambia kwamba kwetu kunaungua, na mama yangu na mtoto wangu wamo ndani, aone kama bakuli litatetemeka. Boti ilikuwa bado imefungwa pale chini, tupu. Ningeingia. Ningekaa mahali pa magunia mawili, na mama yangu nami ningemvuta kwa mikono hii.

"Iseme tena," nikamwambia.

"Nini?"

"Ile maneno. Vile ulisema. Sema."

Hakutaka. Watu walikuwa wamejaa, wanatazama, waliotoka barabarani na magodoro yao kichwani. Akaisema, kwa haraka. Nikamwambia pole pole. Akaisema pole pole. Nikaifuata kwa mdomo wangu, nikakosea, nikamrudisha, mpaka ikakaa. Ndicho Kifaransa pekee nilichofundishwa maishani mwangu.

Jikoni kwake sikurudi. Fasi mbili nilizichukua, usidhani sikuzichukua. Nilivuka na mtoto, nami nikakaa mahali pa mama.

Vita vilipopoa tulirudi Baraka. Kulikuwa na biro mpya, ofisi iliyokuwa inaandika wafanyakazi, na mimi nikasimama kwenye foleni kama wengine. Kijana wa mezani alikuwa na adabu, aliniita mama, akanipa kiti.

"Mama, Kifaransa unajua?"

"Sentensi moja."

Akatabasamu. Nadhani alitegemea salamu, kama zile za yaya. "Haya, tuisikie."

Nikaisema yote, taratibu, kwa sauti ya chini, nikimtazama mikono. Kalamu ilisimama. Tabasamu lilimtoka usoni kidogo kidogo, akanitazama mimi, kisha mlango, kana kwamba kuna mtu wa kukimbilia.

"Mama... nani alikufundisha maneno haya?"

"Kazi," nikamwambia. "Ile niliyoipata kwa sababu sikuyajua."