Kitufe Chekundu

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ile, wote walimwita Shangazi. Si kwa undugu. Alikuwa amekaa pale miaka kumi na tisa, akiwazidi wenzake umri na maneno. Aliweza kulitazama shuka lililolowa akakwambia limetoka wodi gani. Mikono yake ilijaa alama za moto mpaka kwenye viwiko, na alipenda kusema kwamba mumewe, fundi viatu, alimuoa kabla hajapigwa mihuri.

Kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kunyoosha: roli mbili ndefu za moto. Unaingiza shuka upande huu, mwenzako analipokea upande wa pili likiwa kavu. Ubavuni kulikuwa na kitufe chekundu cha kuizima kwa dharura. Kitufe kile kilikuwa kimekufa. Ukikibonyeza, mashine inazunguka tu. Likitokea la kutokea, unakimbia hatua kumi na moja hadi kwenye swichi kubwa ukutani. Wote walijua, wakazoea, wakaacha kulizungumzia.

Kisha akaja binti wa miaka ishirini na mitatu. Walimwita Mgeni, na jina likamganda. Shangazi ndiye aliyemfundisha kazi. Siku ya tatu alifungua mdomo amwambie habari za kitufe, lakini msimamizi alikuwa amesimama karibu, na msimamizi hakupenda watu wa kuwatisha wapya. Nitamwambia kesho, akasema moyoni. Kesho yake mashuka yakawa mengi. Baadaye akadhani mpokeaji, yule wa upande wa pili wa mashine, ameshamwambia. Mpokeaji naye akadhani Shangazi ameshamwambia.

Ilikuwa asubuhi, saa tatu kasoro. Mkono wa sweta ya Mgeni ulinaswa pamoja na shuka. Hakupiga kelele. Alikipiga kitufe kwa kiganja cha kushoto, mara tatu, huku akimtazama Shangazi kwa mshangao, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Shangazi alizikimbia zile hatua kumi na moja. Alipozima, mkono wa kulia wa Mgeni haukuwa tena mkono wa kufanyia kazi.

Fomu ya ajali iliandikwa "uzembe wa mfanyakazi". Wote walitia saini. Shangazi pia.

Kazi ikaendelea. Kikombe cha Mgeni kilibaki kwenye rafu. Hakuna aliyekitumia, hakuna aliyekiondoa. Nyumbani kwa Shangazi, mumewe alikuwa akigonga soli barazani, na kila alipogonga mara tatu akatulia, Shangazi aliachia chochote alichokuwa amekishika.

"Malizia," alimwambia siku moja.

"Nimalizie nini, mke wangu?"

"Gonga ya nne."

Mumewe akamtazama sana, kisha akagonga.

Wiki ya sita alikwenda kumjulia hali Mgeni nyumbani kwa kaka yake. Binti alimkaribisha vizuri, akammiminia maji kwa mkono wa kushoto, yakamwagika kidogo, wote wawili wakajifanya hawajaona.

"Shangazi, nikuulize kitu. Kile kitufe, nilikibonyeza vibaya? Kaka anasema labda nilipaniki. Kila siku najaribu kukumbuka nilikosea wapi."

Shangazi alikunywa maji yote. Akasema atarudi.

Jumatatu msimamizi aliwakusanya kama kawaida, akauliza kama kawaida, "Kuna mwenye neno?" huku tayari akifunga daftari.

"Mimi ninalo," Shangazi akasema. "Kitufe kilikuwa kibovu kabla ya Mgeni kuja. Nilijua. Sikumwambia. Halafu nikatia saini kwamba ni mzembe."

"Shangazi, hayo tulishayafunga."

"Wewe umeyafunga. Mimi nayasikia mpaka jikoni kwangu."

Mpokeaji akaanza kulia. "Hata mimi nilijua. Siku hizi nikiingia humu napitia mlango wa nyuma, nisipite pale." Dobi mmoja wa mashine za kufulia akasema yeye ndiye aliyekibandika kitufe kwa gundi kilipolegea, kionekane kizima. Msimamizi aliketi juu ya kikapu cha mashuka machafu. Alikuwa mtu mkali, hawakuwahi kumwona ameketi.

"Niliandika barua mbili kuomba fundi," alisema taratibu. "Sikujibiwa. Ya tatu sikuiandika. Niliogopa kuonekana msumbufu."

Fundi aliletwa wiki ile ile. Fomu ikaandikwa upya, na neno uzembe likaondolewa kwa Mgeni. Shangazi mwenyewe aliipeleka nakala.

Mgeni aliisoma mara mbili. "Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea, mwanangu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nisamehe."

Binti aliikunja nakala kwa mkono wa kushoto. "Nenda, Shangazi," akasema. "Sikufukuzi. Nataka kulia, na sitaki unione."

Hajampigia simu tangu hapo, wala Shangazi hajathubutu kupiga.

Siku hizi msimamizi akiuliza swali lake la Jumatatu, anasubiri. Watu wanasema: sakafu inateleza, mvuke unachoma macho, fulani anaogopa kufanya kazi peke yake. Mara nyingine mashuka yanachelewa wodini, na hakuna anayewaharakisha. Shangazi husikiliza akiwa ameipa mashine mgongo. Aliomba hivyo, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.